Alhamisi za Mama na Feni Mbili

Kati ya Fungurume na Kolwezi nilikuwa na macho matatu. Moja barabarani, moja kwenye sindano inayoonyesha joto la injini, na la tatu, ambalo kwa kweli ni sikio, nyuma kwa mama. Sindano ikipanda, najua gari inataka kuchemka. Mama akikohoa mara tatu mfululizo, najua vumbi limeingia. Na shida yangu ya miezi ile ilikuwa kwamba dawa ya mmoja ilikuwa sumu ya mwingine.

Nieleze polepole. Shule yangu iliishia ya sita ya msingi, na nikiharakisha nasahau kitu, halafu narudi kukipachika mahali si pake.

Mama anakaa Fungurume kwa dada yangu. Kifua chake kimechoka. Daktari wa Kolwezi alisema aletwe Alhamisi moja, apumzike Alhamisi moja, na kila akija alale hospitalini siku mbili, wamvutishe dawa kwa mashine. Akaongeza: njiani asivute vumbi. Kusema ni rahisi. Malori ya madini yanafuatana kama siafu, na pale lami ilipolika vumbi linasimama kama ukuta. Njia ni moja tu: kufunga vioo na kuwasha kiyoyozi, ambacho sisi huku tunakiita klim. Watu waliniona nimefunga vioo wakasema taksi yangu ina majivuno. Lakini ile klim haikuwa starehe, ilikuwa pumzi ya mama.

Gari yangu ina feni mbili za mbele. Ya kwanza iko nyuma ya radieta, inapoza maji ya injini. Ya pili ni ndogo, iko mbele kabisa, karibu na meno ya gari, yaani yale matundu ya mbele yanayopitisha upepo, na inazunguka klim ikiwashwa tu. Zote mbili zinakula umeme kwenye fyuzi moja. Klim ikiwa imezimwa, feni kubwa ilifanya kazi bila neno. Nikiwasha klim, kwa dakika kadhaa mambo ni mazuri, halafu fyuzi inaungua na feni zote mbili zinakufa pamoja. Gari ikikimbia huoni kitu, upepo wa njia unasaidia. Ni ukisimama nyuma ya malori ndipo sindano inaanza kupanda.

Niliipeleka kwa fundi wa umeme wa magari kule Dilala, hapahapa Kolwezi, nyuma ya zile nyumba za zamani za kampuni ya madini. Ana kontena moja na benchi moja, na ulimi unaokata. Akaikagua siku nzima. Akabadilisha rele, yaani kile kisanduku kinachofungulia feni umeme. Akapima waya. Mwisho akasema mota ya feni ndogo ndiyo inakula umeme kupita kiasi, imekaza. Akanitafutia nyingine iliyotoka kwenye gari iliyokufa, akaifunga. Tukawasha klim mbele ya kontena lake, nusu saa nzima, sindano haikutikisika.

"Tata shofere," akaniambia, maana huku dereva ni shofere, "sasa enda ulale."

Nililala kweli. Baada ya safari mbili, fyuzi ikaungua tena.

Alhamisi hiyo ndiyo nisiyopenda kuikumbuka. Tulikuwa kwenye foleni, malori mbele na nyuma. Sindano ikapanda. Nikazima klim, nikawasha joto la ndani, maana madereva husema joto la injini linapata pa kutokea. Ndani pakawa kama tanuri.

"Tata," mama akaniita. Ananiita tata kwa sababu nina jina la baba yake. "Unanipika?"

"Apana, mama. Mi napoza gari."

"Gari njo mugonjwa, ao mi?"

Kwetu "njo" ni "ndiyo": alikuwa anauliza nani hasa ndiye mgonjwa. Nikasimamisha gari pembeni na kuzima injini. Jua likapiga. Akaanza kutweta, ikabidi nifungue kioo, na kioo kilipofunguka vumbi likaingia kama mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja. Tulipofika hospitali, muuguzi alimuuliza jina, kama anavyouliza kila mara. Mama alifungua mdomo, sauti haikutoka. Mimi nikamtajia. Nilitaja jina la mama yangu kama mtu anayetaja jina la maiti.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye kituo cha taksi na kusema maneno. Nitayaandika jinsi yalivyokuwa, nisiyalainishe. Nilisema yule fundi wa Dilala ameniuzia mota iliyokufa. Nilisema anafunga takataka kwenye magari ya watu. Niliyasema mbele ya madereva kumi na zaidi, na wawili kati yao walikuwa na miadi naye wiki hiyo. Kwa haki yake niseme pia kwamba sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa woga.

Dereva mmoja, mcheshi wa kituo, akanipa shauri. "Fyuzi ya nini? Weka kawaya ka kopa, fyuzi haitaungua tena. Tuko mu inchi ya kopa, utakosa waya?"

Wakacheka wote, maana kopa ni shaba, na nchi yetu imejaa shaba. Na mimi, mjinga, nilijaribu kesho yake. Kweli fyuzi haikuungua tena, badala yake waya wa feni ndio ulianza kuungua. Nikasikia harufu ya plastiki, nikang'oa ile kopa kwa vidole vyangu, na alama bado ninayo kwenye kidole gumba. Mcheshi simlaumu. Alitoa mzaha, mimi ndiye niliyeugeuza shauri.

Jumamosi nilimrudisha mama Fungurume usiku, malori yakiwa machache, zikabaki siku kumi na mbili kufika Alhamisi yake nyingine. Siku hizo sikukaa mahali. Nikila, nainuka. Nikiwa na abiria, nawasha klim, nazima, nawasha, hadi mama mmoja wa sokoni akaniuliza kama gari ina homa. Nilifikiria kumpeleka mama kwa basi, lakini basi vioo vyake havifungi. Nilifikiria kuomba gari ya mtu, lakini nani anaazima gari kwa njia ile? Siku ya tano nikakubali kwamba mtu anayeijua gari yangu waya kwa waya ni mmoja tu.

Nilimkuta kwenye benchi lake. Hakuinua kichwa.

"Hata pikipiki haijasimama hapa tangu ile Alhamisi," akasema. "Benye miadi balikosa njia. Minasikia mi nauzisha bafu." Bafu kwake ni wafu, yaani ile mota niliyosema imekufa.

"Fundi, nimekuja kwa gari."

"Gari minaiona. Mwenye gari njo simuoni."

Sikuwa tayari kuomba msamaha, kwa sababu bado niliamini mota yake ni mbovu. Kuomba msamaha wa uongo ili anitengenezee niliona ni wizi. Nikamwambia hivyohivyo. Hapo ndipo aliponitazama.

"Muzuri," akasema. "Basi tufungue pamoja. Kosa ikiwa ya mi, nitaenda kituoni mi mwenyewe, niseme mbele ya bote. Kosa ikiwa ya we, utaenda we. Maneno inarudia pale ilitupwa."

Nikakubali. Lakini kabla hajagusa kitu akazunguka gari, akaiangalia kuanzia mataa hadi magurudumu. "We unaletaka gari safi hivi kila mara? Gari ya Fungurume! Hata ya ndoa haingʼai hivi. Uliosha hata ndani ya meno?"

Nilikuwa nimeiosha. Ndivyo tulivyolelewa nyumbani. Kitu cha kutengenezwa hakipelekwi kichafu kwa fundi. Ni kama kumrudishia jirani sufuria yake na ukoko ndani. Kila nilipokwenda kwake niliamka asubuhi, nikaosha, nikafuta, na nikafungua gunia.

"Gunia gani?" akauliza.

Nikamwambia. Nilidhani analijua, maana karibu kila gari ya njia yetu inalo. Ni yale magunia ya plastiki iliyofumwa, wanayotumia wachimbaji kubebea mawe ya madini. Unalipasua, unalifunga mbele ya meno ya gari kwa kamba, na vumbi na tope haviingii kwenye radieta. Mimi nililifunga tangu mama alipoanza safari zake. Nilifikiri kama mama anakingwa vumbi, gari nayo ikingwe. Na kwa fundi nililivua kwa adabu, kama mtu anavyovua kofia.

Fundi akafungua kapo, yaani kifuniko cha injini, akachomoa feni ndogo, ile ya mbele kabisa, iliyokaa inchi chache tu nyuma ya lile gunia. Akaishika mkononi na kuzungusha panga zake kwa kidole. Zilikwenda nusu mzunguko zikasimama. Akatoa nati, akavua panga, akageuza mhimili wake kwenye mwanga.

Nyuzi. Nyeupe na buluu, nyembamba kama nywele, zimejizungusha kwenye mhimili tabaka juu ya tabaka, zimekaza hadi zimeng'aa. Gunia likipigwa na upepo wa njia linachanika ukingoni, na feni inavuta kila uzi unaoning'inia. Mota inajikaza kuzunguka, inakula umeme mwingi, fyuzi inaungua, na feni kubwa isiyo na kosa inazimika pamoja nayo.

Akaingia kwenye kontena akarudi na mota yangu ya kwanza, ile aliyoitoa mwezi uliopita. Mafundi wa kwetu hawatupi kitu. Akaingiza bisibisi nyuma yake, akavuta. Uzi wa buluu ukatoka, mrefu kama mkono. Akaulaza kwenye benchi karibu na ule mwingine.

Nilingoja anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Na mi niko na kosa," akasema. "Mota ya kwanza sikuifungua. Niliona imekaza, nikasema imezeeka. Mutu akikuletea maiti, uliza kwanza nini ilimuua."

Ninaandika hili kwa sababu angeweza kulinyamazia, na mimi nisingejua kamwe. Akakata nyuzi kwa wembe, akasafisha mhimili, akaupaka grisi, akabadilisha kipande cha waya nilichokiunguza. Badala ya gunia akanipa wavu wa chuma mwembamba, akaufunga mbali kidogo na feni, na kuniambia niupulize kwa upepo kila nikirudi safari. Tukawasha klim. Feni zote mbili zikaingia pamoja, moja na sauti nene, moja na sauti nyembamba.

"Sasa," akasema, "kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili ya asubuhi."

Kesho yake nilifika mapema kuliko wote, kisha nikaketi ndani ya gari hadi wajae. Nilipotoka nilisema kwa sauti: yale niliyosema juu ya fundi wa Dilala si kweli, mota yake haikuwa na kosa, gunia langu ndilo liliua mota zote mbili, ya zamani na yake. Nikawaonyesha nyuzi.

Mcheshi wa kituo akapiga makofi. "Kumbe njo we muuaji! Mota mbili! Tangu leo unaitwa Tata Gunia!"

"Tata Gunia, na ile kopa nilikushauri uliweka?" akaendelea.

"Aliweka! Angalia kidole yake!" akadakia mwingine.

Walicheka hadi abiria wakaja kuuliza kuna nini. Na jina hilo limebaki. Leo hata mke wangu analijua. Lakini katikati ya kicheko nikaona dereva mmoja mzee ameinama mbele ya gari yake, anafungua kamba za gunia lake bila kumtazama mtu. Halafu wa pili. Mmoja wa wale wenye miadi akaniuliza kama fundi yupo leo. Nikamwambia yupo. Nikamwambia mara mbili, kwa kuogopa hakusikia.

Kama nilirudisha yote sijui. Neno likisemwa na watu kumi linafika kwa mia, na mimi nilirudisha kwa wale kumi.

Alhamisi ikafika. Nilimchukua mama asubuhi, nikafunga vioo, nikawasha klim. Palepale tulipokwama siku ile, foleni ikatusimamisha tena, malori mbele na nyuma, vumbi limesimama kama kawaida yake. Sindano ilikaa katikati. Mimi niliitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Tata," mama akaita. "Unatafuta nini mule?"

"Hakuna, mama. Minasikiliza feni."

"Hata mi minaisikia. Tangu Fungurume inaimba. Acha iimbe, we angalia njia."

Hakukohoa mara tatu mfululizo hata mara moja. Nilihesabu.

Hospitalini muuguzi alikuwa yuleyule. Akafungua daftari, akauliza jina. Nikafungua mdomo, kwa mazoea. Mama akaniwekea mkono kifuani, akanisogeza pembeni, akataja jina lake mwenyewe, lote, na la baba yake, ambalo ni langu, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Muuguzi akacheka, akaandika.

Walipompeleka kwenye mashine, nilitoka nje kwenda kwenye gari. Niliwasha injini na klim, nikafungua kapo, nikasimama pale kusikiliza, kwa sababu baada ya siku mbili kulikuwa na safari ya kurudi.