Kichujio Kilichonuka Mpira

Mtaa mzima ulimwita Pua, na jina hilo halikumkera, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunusa kwa mashine. Kila asubuhi aliegemeza ngazi kwenye tangi la maji la shule, akapanda, akafungua kisanduku ambacho pampu yake ilivuta hewa usiku na mchana. Alitoa kichujio cha jana, duara la karatasi lisilozidi kiganja, akaweka kipya cheupe. Cha jana kilikwenda maabara kupimwa uzito wa vumbi. Wenye maduka walimtania kwamba analipwa mshahara kwa kubeba hewa. Aliwajibu kuwa hewa yao ni nzito, inastahili hamali.

Nzito ilikuwa kweli. Ng'ambo ya barabara, kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu kilitema moshi uliotoboa hata mabati. Moshi huo ulimuua kitinda mimba wa dada yake Pua. Mtoto alikohoa hadi akatapika damu, akafia mgongoni mwa mama yake kwenye foleni ya zahanati. Tangu hapo dada mtu hakuwa na dua nyingine ila kiwanda kifungwe. Idara ya mazingira ilikuwa imeahidi kukifunga iwapo vichujio vya wiki nzima vingeonyesha vumbi limepita kiwango. Vyote vilivyokwisha pimwa vilipita. Kilibaki kimoja.

Asubuhi ya kukitoa hicho cha mwisho, harufu ya mpira ilimlaki Pua kabla hajafika. Chini ya tangi alikuta nyaya za matairi yaliyoteketezwa, bado za moto. Juu, kichujio kilikuwa kimegandwa na masizi kama lami.

Alipogeuka, watu walikuwa wameizunguka ngazi: mchomelea vyuma, kinyozi, majirani wengine, na mbele yao dada yake, uso mweusi kwa moshi, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kimekolea, mdogo wangu?" aliuliza.

Pua aliwaeleza taratibu. Maabara wangeutambua mpira, na wanasheria wa kiwanda wangedai wiki nzima imepikwa. Vichujio vyote vingeishia jalalani. Dawa ilikuwa kuirudia siku hiyo moja. Mchomelea vyuma alimwambia aache usomi, akipeleke hivyo hivyo. Kinyozi alitaka kujua kama kiwanda kimeshamnunua.

"Dada, nikikipeleka hiki tumewapa wao ushindi," Pua alisema. "Nakichana."

"Chana uone."

Alikichana.

Mchomelea vyuma aliivuta ngazi. Pua aliangukia mkono, nao ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Mateke yakamshukia mbavuni. Kinyozi alimkanyaga shingo, mdomo ukagonga chini, jino likamtoka. Dada yake akaokota kipande cha tofali, akampasua nyusi. "Hili la mwanangu," alisema, akapiga tena. "Na hili la mwanangu." Mgongo uleule aliofia mtoto ndio uliombeba Pua utotoni.

Alikuwa anainua mkono mara ya tatu kiwanda kilipofungua tanuri. Moshi mwekundu ulishuka mtaani kama ilivyokuwa desturi yake kila asubuhi. Kinyozi aliiacha shingo ya Pua akashika kifua chake mwenyewe. Dada alikohoa hadi akapiga magoti kando ya nduguye.

"Huo hauhitaji msaada wetu, dada," Pua alisema, mdomo umejaa damu. "Nisimamishe. Cha leo kimo mfukoni."

Dada alilitupa tofali. Kisha akamwamuru mchomelea vyuma airudishe ngazi na kuishika. Pua alipanda kwa mkono mmoja, dada akimsukuma kwa bega kutoka chini, kila kidato kikimtoa kilio. Bahasha ya kichujio kipya aliifungua kwa meno yaliyobaki. Kichujio hakikutakiwa kuguswa na tone lolote la damu, hivyo dada alikunja upindo wa gauni lake akaubana kwenye jeraha alilolipasua yeye, mpaka kifuniko kilipofungwa na pampu ikaanza kunguruma. Hapo Pua alizimia.

Dada hakumsindikiza hospitali. Alikaa chini ya tangi akilinda. Jioni kinyozi alikuja kuomba msamaha na sigara mdomoni. Kabla hajatamka neno, kofi liliiangusha sigara, la pili likamwangusha mwenyewe. Hakuna aliyepita tena na moto.

Kesho yake mwenzake Pua wa maabara alikitoa kichujio. Kilikuwa cheusi, kikavu, bila harufu ya mpira. Dada ndiye aliyepeleka habari wodini.

"Wamekipokea," alisema. Kisha akauona ule uso uliovimba, jicho lililofumba, mkono uliofungwa bandeji. "Usinitazame hivyo. Ungesema mapema, ningewapiga wao, kinyozi na wenzake."

Pua alitaka kucheka. Mbavu zikamkataza.