Romana na Sakafu ya Ghala

Mimi Dominick napenda kusema, na sioni haya. Kijijini kwetu, huku ndani kupita Mitole, mkutano mkuu ukiisha bila sauti yangu watu wanauliza kama naumwa. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba yupo mtu aliyewahi kunitia hofu kwa maneno yake, mniamini. Mtu mwenyewe ni Romana, mama yake Lightness, mjane, mchimbaji wa ming'oko.

Ming'oko ni mizizi ya porini. Ukiichemsha ukaila na chumvi na pilipili, njaa inakaa pembeni. Mumewe alipofariki Lightness alikuwa bado ananyonya, na Romana akaingia msituni na jembe, akatoka na kapu kichwani. Mpaka leo ndiyo kazi yake. Anauza Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama, na kwa kapu hilohilo amemfikisha binti yake chuo cha ualimu. Ni mwanamke mfupi, mkimya. Ukimsalimia anakuitikia vizuri, kisha anakuacha ushike hamsini zako.

Sheria ya sakafu aliileta yeye. Wakati ule tulikuwa tunajadili sheria ndogo ya mbuzi. Vifungu vilikuwa vichache, wasemaji tulikuwa wengi. Kila aliyesimama alimshukuru Mungu, akamshukuru mwenyekiti, akatukumbusha babu yake ndiye aliyefyeka shamba la kwanza hapa, na muda wote huo mbuzi wanakula mihogo ya watu. Mkutano ulivunjika mara tatu bila kufika kwenye faini. Ndipo Romana akanyoosha mkono. Mbele ya baraza la shule, tunapokutania, kuna sakafu ya ghala la ufuta. Saruji tuliimwaga, kuta zikatushinda, ikabaki juani.

"Mwenyekiti," akasema, "anayetaka kusema aende akasimame pale, avue viatu. Akimaliza arudi kivulini."

Tulicheka sana. Tukapiga kura huku tunacheka, na hoja ikapita.

Kicheko kiliisha siku hiyohiyo. Mikutano yetu ni ya mchana, watu wakishatoka shamba, na saruji ya mchana huku kwetu inaunguza, si mchezo. Mtu alipanda na hoja tano akashuka na moja. Mimi nimecheza pale ngoma ambazo hata kwenye harusi sijazicheza, na watoto walikuwa wanakuja makusudi kunitazama. Babu zetu wakapumzika makaburini bila kutajwa. Mbuzi wakafungwa kamba.

Sasa mwaka huu ikaja sheria ya msitu. Wachoma mkaa walikuwa wametuchosha, na wezi wa mpingo ndio usiseme. Halmashauri ya kijiji ikaandika rasimu kwa hasira, na hasira haichagui maneno. Kifungu kilisema ni marufuku kwa mtu yeyote kukata, kuchoma au kuchimba kitu chochote msituni. Kuchimba! Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka kapu la Romana. Siku ya mkutano bwana misitu alikuwa amekuja kutoka wilayani kuichukua rasimu jioni ileile, kwa hiyo siku ilikuwa hiyohiyo, kupitisha au kukataa. Mwenyekiti wetu, Mzee Kondo, alisoma kifungu, na mikono ilikuwa imeanza kupanda Romana aliposimama. Alivua ndala zake akaziweka ukingoni mwa baraza.

Ilikuwa Februari, mbingu haina hata wingu. Mzee Kondo ni mtu wa huruma.

"Mama Lightness, leo semea hapohapo kivulini. Jambo hili ni riziki yako."

"Hapana, Mwenyekiti. Sheria niliiomba mimi. Nikiikimbia leo, kesho mtaniamini kwa lipi?"

Akapanda sakafuni. Mimi nikamkodolea macho miguu, nikingoja aanze kubadilisha, huu juu huu chini, kama tunavyofanya sote. Hakuinua hata mmoja.

Alisema taratibu, kwa sauti ileile anayouzia. Akaeleza unavyoufuata mtambaa wa mng'oko mpaka shinani, unavyokata mzizi ukaacha kichwa, unavyorudisha udongo na kuushindilia kwa unyayo ili mng'oko uzae tena. Akataja miezi ambayo maghala ya nyumbani hubaki na mavumbi, na vyungu vilivyochemka miezi hiyo vilichemsha nini. Hakutaja nyumba ya mtu, lakini kila mmoja aliijua yake, na mimi nilitazama chini. Kisha akakirudia kifungu neno kwa neno. Mchoma mkaa mwacheni humo. Mkata mpingo mwacheni humo. Kwenye kuchimba, andikeni kwamba atakayechimba asifukie, huyo atozwe faini.

Watoto waliokuja kucheka wakawa wanaitazama miguu ya Romana. Brigita, jirani yake, alianza kulia, akapaza sauti, "Shuka, dada, inatosha, tumekuelewa!"

"Sijafika mwisho," akasema Romana, akaendelea.

Haki ya Mungu, niliingiwa na hofu. Nimesikia mahubiri ya maaskofu, nimesikia wabunge kwenye redio wakiomba waongezewe dakika, lakini sijawahi kuona mtu akiyalipia maneno yake moja baada ya jingine, hadharani, bila kupunguza hata moja.

"Nimemaliza, Mwenyekiti," akasema mwishowe, akarudi kwa mwendo wake wa kila siku. Mikono ilipanda yote. Bwana misitu alikifuta kifungu, akaandika alivyosema Romana, akatusomea, tukapitisha. Brigita alileta beseni la maji. Romana alipotumbukiza miguu alifumba macho, akauma pindo la kanga, na hapo ndipo tulipojua alivyoungua.

Watu walikwenda kula. Mimi nilibaki. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea na hapakuwa na mtoto wa kunicheka. Nikavua viatu, nikaenda kusimama palepale aliposimama, nikajiambia nisali walau Baba Yetu moja, bila kuinua mguu. Nilianza vizuri. Kufika kwenye mkate wetu wa kila siku, nilikuwa nimesharuka, niko kwenye majani, viatu mkononi.