Chupa ya Maji ya Kijani

Mwalimu wa biolojia wa darasa la jioni pale Maisaka hagusi chaki kabla hajashika chupa yake ya maji ya kijani, aliyoyachota Ziwa Babati. Huitikisa taratibu, huiinua dirishani ipate mwanga, kisha huifuta kwa kiganja chenye vumbi la chaki la vipindi vya mchana, ikazidi kuchafuka. Mama Jesse, anayerudia kidato cha nne ukubwani, humtazama bila kuchoka. Jana alikosea jibu, vijana wakaangua kicheko, naye akachukua mkoba wake ili aondoke. Mwalimu hakumkemea mtu. Aliinua chupa.

“Bakteria wa humu hujipikia chakula kwa jua na hewa ya ukaa,” alisema kwa ile sauti yake ya chini. “Kimeng’enya kinachoinasa hewa hiyo ni kizito, hufanya kazi polepole, tena hukosea, kikanasa oksijeni. Lakini hawakitupi. Wanakijengea kichumba, wanairundika hewa ya ukaa humo, mpaka kikishika kinapatia.” Akafunga dirisha lililoingiza kelele za bodaboda, akavuta kiti karibu na Mama Jesse, akamuuliza swali lilelile, polepole. Mama Jesse akauweka mkoba chini.