Dominika Ambayo Baba Alionja Ulanzi

Kwetu wiki ilianzia Jumamosi mchana, wanawake walipokwenda kusiriba sakafu ya kanisa. Kanisa letu lilikuwa la tofali mbichi na paa la nyasi, juu kidogo ya barabara ya malori yatokayo Iringa kwenda Mbeya. Tulichanganya udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, tukapaka kwa viganja huku tukirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Aliyekanyaga kabla sakafu haijakauka alitaniwa hadi Jumamosi nyingine. Kesho yake mwalimu wa dini aligonga rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi, nasi tukapanda mlima, wanaume wakakaa kulia na wanawake kushoto. Jumatano jioni kulikuwa na mafundisho ya watu wazima. Ijumaa za Kwaresima tulifanya Njia ya Msalaba, hata kama mvua ilikuwa inanyesha ndani kama nje.

Padre hakukaa kwetu. Sisi tulikuwa kigango, naye alikuwa na vigango vingi, akawa anakuja kwa pikipiki pale barabara iliporuhusu. Masika yakikata njia tulikaa muda mrefu bila kumwona. Dominika hizo mwalimu alitusomea Injili, tukasali rozari na kuimba, kisha tukaenda nyumbani kupika. Hatukujiona wapungufu. Ila misa haikuwapo, wala komunyo.

Mama yangu alibatizwa akiwa mtoto, huko misioni. Baadaye aliolewa na baba, ambaye hakuwa mkristo, kwa ng'ombe na jembe kama ilivyo desturi, bila padre. Tangu hapo hakuruhusiwa kupokea komunyo. Padre alipokuja, wanawake wote wa benchi letu waliinuka kwenda mbele, mama akabaki ameshika rozari. Nilipokuwa mdogo nilidhani anabaki kwa sababu yangu, kwa kuwa nimemlalia mapajani. Nilipokua na kuacha kulala mapajani, nikaona bado anabaki, ndipo nikauliza. Aliniambia, "Namsubiri baba yako."

Baba alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya maji ya mianzi. Alianza mafundisho bila kumwambia mtu. Jumatano moja aliosha miguu, akaondoka, na mama akajua alikokwenda kwa kuambiwa na majirani. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, kwa hiyo kazi ya kumsomea katekisimu ikawa yangu. Mbele za watu sauti yangu hukauka, hata kuitikia salamu ni shida. Lakini asubuhi katika vichaka vya mianzi tulikuwa wawili tu, mimi na kibuyu changu na yeye na kisu chake, nikamsomea maswali kwa sauti kubwa naye akajibu huku anakata. Alipokosea alisema, "Rudia, mwalimu wangu."

Mwaka ule mwalimu wa dini aliridhika naye. Padre alitutumia habari kwamba atakuja juma la kwanza baada ya Pasaka. Jumamosi angebatiza watu wazima na kubariki ndoa zao, na Dominika wangepokea komunyo. Mume na mke wangepiga magoti pamoja mbele ya altare, katika benchi lililotolewa kwa ajili yao.

Jumamosi ilikwenda vizuri. Maji yalimwagwa juu ya kichwa cha baba, na jioni ile ile padre akabariki ndoa ya wazazi wangu mimi nikiwa nimesimama pale, msichana mkubwa wa kuchumbiwa. Wanawake walipiga vigelegele. Mama hakupiga, alikuwa anaangalia chini. Usiku alikigeuza chungu kifudifudi, mtu asije akajisahau akachota ugali uliobaki. Siku hizo anayetaka kupokea komunyo hakula wala kunywa kitu tangu saa sita ya usiku. Padre alikuwa ametutangazia kwamba maji sasa yameruhusiwa, lakini bibi vizee wetu hawakuyagusa. Walisema wao walifundishwa mwanzo.

Lakini ulanzi haujui Dominika. Mwanzi mchanga ukishakatwa ncha lazima ukatwe tena kidogo asubuhi na jioni, la sivyo kidonda chake kinakauka na maji yake yanakoma. Tena mgema hawezi kumimina tu. Kila mwanzi una mbeta yake, kopo la mwanzi mkavu linalokinga maji, na mbeta moja iliyochacha ikiingia kibuyuni inaharibu ulanzi mtamu wote. Kwa hiyo mgema anaonja mbeta moja moja. Hata Kwaresima, baba alipoacha kabisa kunywa, alikuwa anaonja. Haikuwa kunywa. Ilikuwa kazi, kama mama anavyobonyeza muhogo kujua kama umeiva.

Alfajiri ile ya Dominika tulikwenda kama kawaida. Kulikuwa na ukungu na majani yalitulowesha mpaka magotini. Baba aliniambia njiani, "Leo nitanusa tu. Pua haijafungishwa." Akanusa kweli, mbeta ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitikisa kichwa na kucheka.

Ndipo akatokea jirani yetu, Mlutheri, mgema mwenzake, ambaye kichaka chake kinapakana na chetu.

"Kamwene, bwana harusi!" alisalimia. "Jana umeoshwa na padre mzima, mbona leo bado unanuka mianzi?"

"Wewe uliyeoshwa utotoni ndiye unanuka zaidi," baba akamjibu.

"Na huyo mama watoto, jana umemlipia tena ng'ombe, au padre amekubali wale wa zamani?"

"Wale wa zamani wameshazaa wajukuu. Nenda zako."

Walicheka wote wawili. Na baba akiwa bado anacheka, akiwa amemgeukia jirani, mkono wake ulichomoa mbeta nyingine, akaipeleka mdomoni, akaonja, akameza, akasema, "Hii imeanza kukaza," yaani kuchacha, akaimwaga chini. Kisha akaendelea na maneno. Jirani hakuona kitu cha ajabu. Amemwona baba akifanya hivyo maisha yake yote. Baba mwenyewe hakuona. Mimi niliona.

Sikusema pale. Nilibeba kibuyu nikamfuata hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa natunga sentensi na kuibomoa. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua. Lakini nilikuwa nimemsomea mwenyewe mara nyingi lile swali la kufunga kabla ya komunyo, nalo jibu lake alilijua kwa moyo. Na nilijua pia siku moja, akiwa peke yake kwenye mianzi, atakumbuka.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha miguu, shati jeupe limetundikwa ukutani. Rimu ilikuwa imeshagongwa mara ya kwanza.

"Baba," nikasema, "umeonja."

"Nimeonja nini?"

"Ile iliyokaza."

Aliniangalia, maji yakimchuruzika mguuni. Nikaona anarudi nyuma kwa mawazo, kichaka kwa kichaka, mpaka akafika pale. Akagusa midomo yake kwa vidole.

"Labda sikumeza," alisema.

"Ulimeza, baba."

Mama alikuwa mlangoni na kitambaa chake cheupe kichwani. Amesikia. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani mwingine ameona?"

"Huyu tu," baba akasema.

Mama akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua ni nini kilichomo katika yale macho: miaka yote ya kubaki kwenye benchi. Halafu akaona haya, akageuka, akachukua shati ukutani, akampa baba. "Vaa," alisema. "Twende tukamwambie mwalimu."

Mwalimu wa dini alikuwa anawasha mishumaa. Baba alimweleza kwa kunong'ona. Mwalimu alikuwa mtu mkali, lakini siku ile uso wake ulilegea kama wa mtu aliyefiwa.

"Kuonja ni kula," alisema. "Nimefundisha hivyo. Nimekufundisha wewe!"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ungeonja kesho basi! Kesho ungeoga kabisa humo ndani ya ulanzi!"

Alimwelekeza kwa padre, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chini ya upenu akiungamisha. Baba akaingia katika mstari wa wanaume. Wenzake walishangaa, wakaanza kumchokoza. "Jana umetakaswa, leo umeshachafuka?" mmoja alisema. "Usiku mmoja tu, bwana!" Mimi na mama tulisimama mbali, karibu na mkaratusi.

Aliyotuambia baadaye ni haya. Padre alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama ulanzi ule ulikuwa mtamu. Baba akasema hapana, ulikuwa umekaza. "Pole," padre akasema. "Dhambi huna. Hukukusudia. Lakini sheria ya kufunga ni sheria, leo siwezi kukupa." Baba akauliza atarudi lini. Padre akafikiri juu ya mvua, na barabara, na vigango vingine. Alikuwa amepanga kuondoka mchana ule ule. "Nitalala hapa tena," akasema. "Kesho nitasoma misa mapema, kabla sijaondoka. Njoo. Na ufunge mdomo wako kwa kamba."

Kwa hiyo hasara haikuwa kubwa kama tulivyoogopa. Lakini misa ya Dominika ilikuwa bado mbele yetu, na kanisa limejaa. Watu walikuwa wametoka mbali kuwaona wanandoa wapya wa zamani. Padre alitupa mgongo akisali Kilatini chake, sisi tukaimba, kengele ndogo ikalia, na saa ya komunyo ikafika. Wazee wengine waliobarikiwa jana waliinuka wawili wawili. Benchi la mbele lilibaki na nafasi. Baba alikaa upande wa kulia, mikono magotini, shati lake jeupe likionekana kuliko yote.

Mama angeweza kwenda. Yeye hakuonja kitu, na ndoa yake ilikuwa imebarikiwa. Hakuna tena kilichomzuia. Nilimgusa kiwiko. Hata mwalimu wa dini, akipita na sahani ya komunyo, alimfanyia ishara kwa kichwa. Mama hakuinuka. Alikaa pale pale alipokaa siku zote.

Nyuma yetu walianza. "Mbona hawaendi?" "Wamegombana." "Ndoa ya jana hiyo?" "Ulanzi, dada yangu, mume mgema ndiyo hivyo." Huyo wa mwisho hakujua alivyokaribia ukweli. Shingo ya mama ilikuwa imenyooka, na mimi, ambaye huinamisha kichwa hata nikiangaliwa na kuku, nilijikuta nimenyoosha ya kwangu pia.

Jioni jirani yetu Mlutheri alikuja, amesikia maneno ya watu, akauliza kuna nini. Baba alimwambia. Jirani aliketi, akashika kichwa.

"Ni mimi na mdomo wangu," alisema.

"Mdomo ulikuwa wangu," baba akasema.

"Kesho usiende kule kabisa. Ukishika mbeta utaonja, nakujua. Nitakugemea mimi, vichaka vyote."

"Na kuonja?"

"Nitaonja kwa niaba yako. Sisi kwetu hawajatukataza."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

Jumatatu tulipanda kanisani kabla jua halijatoka. Baba alitembea amefumba midomo, hakutaka hata kuongea, kana kwamba neno likitoka kitu kingine kitaingia. Hapakuwa na watu. Alikuwapo padre, mwalimu wa dini aliyetumikia misa kwa kukosa mtumishi, sisi watatu, na bibi mmoja ambaye hakosi misa ikiwapo. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa nje tayari, imefungwa mizigo. Misa ile haikuwa na wimbo. Nilisikia sauti ya padre, na maji yakidondoka kutoka nyasi za paa, na ng'ombe chini barabarani.

Wakati ulipofika wazazi wangu waliinuka. Hakukuwa na kulia wala kushoto siku ile. Walipiga magoti bega kwa bega, na mimi nyuma yao. Padre aliweka hostia kwenye ulimi wa mama, kisha wa baba. Tulifundishwa kwamba haitafunwi, inaachwa iyeyuke. Niliona taya la baba limekakamaa, na mama, badala ya kufumba macho, amegeuza uso pembeni anamtazama baba, anamtazama tu.

Tulipokuwa tunateremka, baba alitangulia, maana alitaka kuona kama jirani amekata sawasawa. Nikamwuliza mama aliomba nini. Nilidhani atataja ndugu zangu waliokufa, au bibi yangu aliyekuwa mgonjwa.

"Sikuomba kitu," mama alisema. "Nilikuwa nimepanga mengi, nikayasahau yote. Nilikuwa namchunga baba yako asitafune."