Kundi la Mkurugenzi

Nilikwenda Susuni kumsaidia mama kupanda, nikamkuta shambani na jembe la mkono.

"Dume la kulimia liko wapi, mama?"

"Nimewekeza," akajibu bila kuinua uso.

Akanipa simu. Kwenye kundi la WhatsApp, mtu aliyejiita Mkurugenzi alidai ana mgodi wa dhahabu Nyamongo na kwamba hela ya kila mwanachama inazaa. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuandika humo. Wengine walisoma tu. Mama alipomwomba faraghani amrudishie chake, alimjibu aongeze kwanza.

Mimi nauza chakula Nyamongo. Niliporudi huko nikamwandikia Mkurugenzi nikijifanya mgeni, nikauliza ofisi yake. Akasema ni ghorofa la bluu linalotazamana na soko. Nilikuwa nimesimama pale pale sokoni. Mbele yangu kulikuwa na kijiwe cha bodaboda na banda la nyama choma.

Hasira ilinipanda, lakini nikaandika kwa upole: "Bosi, shemeji zangu wa Nyansurura wana ng'ombe wengi, na kwaya yetu nzima inataka kuingia. Nipe usimamizi wa kundi niwaunge mwenyewe."

Tamaa ilimziba macho. Akanipa.

Niliwaunga wote, kisha nikafungua kundi ili kila mtu aweze kusema. Nikatuma picha ya kile kijiwe na sauti yangu: "Hapa ndipo anaposema ofisi yake ipo. Mwenye macho aangalie."

Mkurugenzi akafoka. "Huyu mwanamke ana wivu! Mimi ni Mkurya, mtoto wa hapa hapa Nyamongo!"

Ndipo ikaingia sauti ya mama yangu, taratibu: "Mura, kijana wangu, kama wewe ni mtoto wa hapa, nisalimie kwa Kikurya."

Watu wakaanza kumsalimia kwa Kikurya, mmoja baada ya mwingine, sauti juu ya sauti, wengine wakicheka. Mkurugenzi akajitoa kwenye kundi lake mwenyewe, akaniachia mimi usimamizi.

Namba yake tuliipeleka polisi. Dume halijarudi. Lakini shemeji yangu mmoja, aliyekuwa ameshampata mnunuzi wa ng'ombe wake mnadani ili naye awekeze, alighairi kwenda kuuza.

Ndugu walimshauri mama anyamaze, asijiaibishe. Jumapili akasimama kanisani, akasimulia yote.

"Aibu ni ya mwizi," akasema. "Mimi niliuza dume langu mwenyewe."