Mbuzi Kumi na Mbili ku Mulango ya Kasho

Miaka ile ya vita, kitu ya kunishangaza miye ilikuwa haiko tena. Nilianza na kilo mbili za chumvi ku soko ya Butembo, nikafika ku magazini yangu ya bitenge, mulango ya chuma, kufuli tatu, na masomo yangu ilisimama mu mwaka wa tatu. Basoda, baasi, franga zenye kubadilika, byote nilibipita kichwa juu. Donc wakati bakubwa ba parquet, ofisi ya mashtaka ya Butembo, balinifunga sababu nilimupiga ngumi muuzaji mwenzangu, sikulia. Alisema metre yangu ya kupimia bitenge ni fupi. Metre haikuwa fupi, ni mudomo yake njo ilikuwa murefu. Niliuliza tu: ni pesa ngapi?

Bakaniambia caution, pesa ya dhamana, ni dola makumi tano. Nikalipa, bakanipa karatasi yenye cachet ya buluu, muhuri ya Serkali, nikatoka. Miye ni mufanya biashara: ukilipa, ukapata karatasi, kitu ni yako. Nilijiona nimenunua uhuru yangu kwa bei nzuri, hata nikajuta sikuomba bapunguze. Majistra alinisomea maneno mingi ya Kifaransa, na miye nikajibu "oui" kila mahali alipumua.

Kisha siku kumi, nikakodi gari, nikapakia mbuzi kumi na mbili, nikashuka Beni. Posho yenye kufuata, siku ya sita ya juma, nilipaswa kutoa mahari ya muchumba wangu kule Ruwenzori, mutaa ya Beni. Baba ya binti alikuwa dikoni ya kanisa ya Kiprotestanti, mutu wa kuongea pole pole, na alikuwa ameshafukuza bachumba babili mbele yangu, mumoya sababu alichelewa saa moya tu. Binti mwenyewe alinitumia habari: ukikosa posho, usirudie tena.

Ku barriere ya kuingia Beni, musoda akaomba karatasi. Bengine balitoa bikarte byabo bya kukunjika-kunjika. Miye nikafungua ile ya cachet ya buluu mbele ya batu bote, kama bendera. Akasoma. Akasoma tena, midomo inatingishika. Akaita mukubwa yake, bakacheka bote babili mpaka mukubwa akakaa chini. Kumbe karatasi ilisema: huyu mutu asitoke Butembo, na kila siku ya ine ya juma aje kusaini ku parquet. Na siku ile ilikuwa ya ine.

"Patron," musoda akasema, "hata bezi habaniletee ushahidi yabo mu mukono namna hii."

Bakanipeleka kasho, chumba ya kufungia batu. Mbuzi bakazifunga inje, karibu na mulango, na mbuzi hazijue kunyamaza. Kufika asubui, Beni yote ilijua kama kuko bwana arusi mu kasho na mahari yake inalia inje. Batu balipita na kuuliza arusi ni saa ngapi. Miye mwenyewe nikaanza kucheka, na mufungwa mwenzangu akaniomba tupumzike kidogo, mbavu zilikuwa zinamuuma.

Mukubwa wa kuandika mashtaka akanifasiria: nimevunja masharti, ile makumi tano imepotea. Nikitaka kutoka mpaka siku ya kwanza ya juma, siku ya kunirudisha Butembo, niweke caution mupya, dola mia moya, na mutu wa Beni wa kunisimamia. Mu mufuko nilikuwa na dola kumi na moya. Nikafanya hesabu mbio mbio, kwa hesabu hakuna wa kunishinda.

"Chef, kamata mbuzi sita."

"Mbuzi za nani?"

Sauti haikutoka kwa chef. Dikoni alikuwa amesimama pa mulango, kofia mu mukono, anahesabu mbuzi.

"Zangu, muzee."

"Tangu ulizipakia sababu ya mutoto yangu, haziko zako tena."

Nikamulilia. Nilimwambia nililipa, nina karatasi, na sasa hawa batu banataka kuniuzia mara ya pili kitu ile ile. Akaniacha nimalize.

"Bokilo, ukinipa hizi mbuzi, umenunua mutoto yangu?"

"Hapana, muzee."

"Ni za nini?"

"Ni kusema nitamuchunga."

"Na ukimutupa?"

"Mbuzi hazirudi."

"Basi, caution ni vile. Hapana mutu alikuuzia kitu. Ulisema utarudi kila siku ya ine. Hukurudi."

Miye nilishika neno moya tu. Alikuwa ameniita bokilo, ni kusema mukwe, na hakuna mutu anaita bokilo mutu anamufukuza. Akatoa dola mia moya mu kitambaa, akasaini, kisha akasema nitaongeza mbuzi moya sababu ya aibu nilimuletea, na nitalala kwake.

Posho nikatoa mahari na shati yenye kunuka kasho. Mbuzi zilikuwa zimekauka sauti, bajomba bangu benye kuja kunisemea habakuweza kuongea ju ya kicheko, na binti akapita mbele yangu akifunika kinywa na kitenge. Siku ya kwanza dikoni mwenyewe akanipandisha gari mpaka Butembo, ananishika mukono ya shati njia yote. Nikasaini kila siku ya ine mpaka kesi ikaisha, na mia moya yake ikamurudilia yote, noti kwa noti.

Yangu haikurudi: makumi tano ya kwanza, kumi ya amande, malipo ya ile ngumi, kumi na tano ya ile mbuzi ya kumi na tatu, na mbili za majani yenye mbuzi zilikula pale kasho. Bibi nikapata. Dola makumi saba na saba.