Meneja wa Kuuliza-uliza

Meneja wa kwanza tulimjua kwa mlango wa ofisi yake, ambao haukufunguka. Wavu wa kuchekecha chai kiwandani ukiziba, tulikaa tukingoja fundi, kisha nyapara akitufokea kwamba wanawake ni wavivu. Wa pili alikuja na gamboti, viatu virefu vya mpira, miguuni, akasimama kando ya mashine yangu.

"Mama, ni nini inakuzuia kufanya kazi?"

Mkubwa akikuuliza kwa upole, ujue anatafuta wa kufuta kazi. Lakini hasira ilikuwa imenijaa pamoja na maziwa. Mtoto wangu, hata kukaa hajui, nilimwacha kwa jirani kwenye nyumba za kampuni, na kutoka kwenda kumnyonyesha ilikuwa marufuku.

"Wavu umeziba tangu asubuhi," nikamwambia. "Na blauzi yangu imelowa, unaiona."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

"Umejimaliza," akasema mwenzangu wa mashine ya pili.

Jioni nyapara akatangaza: "Kuanzia kesho, wamama wa watoto wadogo watapakia."

Kupakia magunia kwenye lori, kazi ya wanaume, kule geti la chini, mbali kabisa na mtoto. Nikajua ni adhabu ya ile blauzi. Maziwa yangekauka, na kuacha kazi sikuweza. Cheti cha Form Four hakiliwi.

Asubuhi nikajifunga leso kiunoni, nikaenda kushika gunia. Nyapara akaja mbio.

"Wewe mama, huku unatafuta nini?"

"Si ulisema tupakie? Napakia."

"Nilisema mtapakia ndani!"

"Ndani kuna lori?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja wao, Mkipsigis kama nyapara, akamwokoa: "Mama, anasema kubakia. Kukaa. Kwetu p na b ni ndugu."

Kumbe meneja alikuwa ameamuru wenye watoto wabaki kwenye mashine za kuchekecha, wasihamishwe-hamishwe, na saa nne waende wakanyonyeshe. Fundi naye akawekwa palepale. Chai ikaanza kutoka kwa wingi. Wavivu walewale, mikono ileile.

Wenzangu wakamsifu. Mimi nikamchunga. Siku moja akipita nikamuuliza, "Na wakikuhamisha?"

"Atakayekuja ataendelea hivi hivi."

"Nani amemwambia?"

Akatazama wavu, kana kwamba ndio uliouliza.

Jioni hiyo nilikoroga uji mwepesi, nikaanza kumzoesha mtoto kikombe, kabla hajaja meneja wa tatu.